Umejuaje? Wapelelezi wa Riwaya na Historia ya Upelelezi Shinyanga na Geita

Wasomaji wa riwaya za upelelezi nchini mwetu wana maoni ya aina tatu, nami nimeyasikia yote kwa miaka mingi, darasani na nje ya darasa. Wako wanaosema kwamba riwaya hizo ni burudani tupu: mtu huzisoma safarini kati ya Dodoma na Kahama, akishuka humwachia jirani yake wa kiti, naye asikumbuke tena nani alimuua nani. Wako wanaosema ni sumu: zinasifu bastola, pombe na starehe, na zinamfundisha kijana kwamba ngumi ni hoja. Na wako wanaosema ni shule ya uzalendo: kwamba Willy Gamba aliwafanya vijana wa miaka ya 1970 na 1980 waipende Afrika kuliko hotuba nyingi za mikutano ya hadhara.

Kila kundi lina hoja yake. Hata hivyo, yote matatu humpima mpelelezi kwa mambo anayoyapenda na mambo anayoyatenda. Hayamwulizi swali lililo kiini cha kazi yake: umejuaje? Umejuaje kwamba huyu, wala si yule, ndiye aliyeua? Nitadai katika makala haya kwamba swali hilo fupi ndilo linalotenganisha riwaya nzuri ya upelelezi na riwaya dhaifu, na kwamba ndilo linalotenganisha pia dola inayotenda haki na dola inayotesa. Ushahidi wangu nitautafuta Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu wa Geita, kwa kuwa huko, katika nusu karne iliyopita, swali la "nani ameua?" limeulizwa mara nyingi mno, na mara nyingi likajibiwa kabla mtu hajauliza "umejuaje?"

Jadi mbili za mpelelezi wa Kiswahili

Mpelelezi wa kwanza mashuhuri katika riwaya ya Kiswahili ni Bwana Msa. Muumba wake, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la mwaka 1957–58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960. Zikafuata nyingine, miongoni mwake *Kisima cha Giningi* (1968), *Duniani Kuna Watu* (1973), *Siri ya Sifuri* (1974) na *Kosa la Bwana Msa* (1984). Wahakiki wamekwisha kusema mengi kuhusu deni la Abdulla kwa Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle: kiko, rafiki anayeuliza maswali, fumbo linalofunguliwa mwishoni. Kwangu lililo muhimu ni jambo jingine. Katika riwaya ile ya kwanza, tajiri mwenye shamba anakutwa ameuawa mahali pa mzimu, mahali penye jina la kutisha na penye maelezo yaliyo tayari. Bwana Msa hayataki maelezo yaliyo tayari. Anamtafuta binadamu mwenye mikono, miguu na sababu. Akishampata, hamwambii rafiki yake Najum "amini tu". Anamwonyesha hatua moja baada ya nyingine, ili hata msomaji aweze kurudi nyuma na kuzikagua. Na anwani ya kitabu cha mwaka 1984 inakiri wazi kwamba mpelelezi naye anaweza kukosa.

Jadi ya pili ilizaliwa bara, mjini Dar es Salaam. Faraji Katalambulla alitoa *Simu ya Kifo* mwaka 1965, akatupa Inspekta Wingo, na pamoja naye mwendo wa kasi wa jiji: simu, magari, vilabu vya usiku. Mwaka 1974 Aristablus Elvis Musiba alitoa *Kufa na Kupona*, na Willy Gamba akaingia katika maisha ya Watanzania na Wakenya. Baadaye Ben Mtobwa alimleta Joram Kiango, kijana asiye askari ambaye Inspekta Kombora alimhitaji kila mambo yalipokuwa magumu. Katika jadi hii fumbo si kubwa sana. Adui anajulikana mapema. Linalosubiriwa ni namna atakavyoshindwa.

Gamba hakutoka hewani. *Kufa na Kupona* inahusu nyaraka za siri za harakati za ukombozi, na Dar es Salaam ya wakati huo ilikuwa kweli makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa humo mjini kwa bomu lililofichwa katika kifurushi. Msomaji wa mwaka 1974 hakuhitaji kushawishiwa kwamba wahaini na majasusi wako. Magazeti yalikuwa yamekwisha kumwambia. Basi alipomwona Gamba akimkaba mtu koo hadi aseme, msomaji hakuuliza kama mtu yule ndiye. Mkuu wa Gamba alikuwa amekwisha kusema ndiye, na mwandishi pia.

Wasomi wa Ujamaa hawakuzipenda riwaya hizi. Waliziweka katika fungu la riwaya pendwa, wakazitofautisha na riwaya dhati, wakazishutumu kwa kuiga sinema za Magharibi na kwa kusahau matabaka. Shutuma hiyo ilikuwa na ukweli, lakini ililenga mavazi ya mpelelezi ikauacha mwili wake. Tatizo la Gamba si kwamba anakunywa pombe kali katika hoteli za fahari. Tatizo ni kwamba hakosei kamwe, na dola inayomtuma nayo haikosei.

Waandishi wawili, meza moja

Ili tuone kwamba mambo yangeweza kuwa vingine, na twende mbali kidogo, hadi Uswidi, nchi ambayo miaka ile ilikuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa Tanzania. Kati ya mwaka 1965 na 1975, yaani katika muongo uleule uliotupa *Simu ya Kifo* na *Kufa na Kupona*, mke na mume wasiofunga ndoa, Maj Sjöwall na Per Wahlöö, waliandika pamoja riwaya kumi kuhusu kikosi cha wapelelezi wa mauaji mjini Stockholm kinachoongozwa na Martin Beck. Waliandika usiku, watoto wakishalala, kila mmoja akishika sura yake, kisha wakabadilishana. Wahlöö alifariki mwaka 1975, mwaka wa kitabu cha kumi, na mfululizo ukaishia hapo.

Wote wawili walikuwa watu wa mrengo wa kushoto, na hawakuficha kwamba walitaka kuichunguza nchi yao kupitia uhalifu wake. Nchi hiyo ilisifiwa duniani kwa ustawi wa jamii. Wao waliuliza: ustawi wa nani? Katika riwaya ya kwanza maiti ya mwanamke inaopolewa katika mfereji, na miezi inapita kabla hata jina lake kujulikana. Wapelelezi wanachoka, wanaugua mafua, wanasubiri barua. Katika riwaya ya mwaka 1971 anayeuawa ni afisa wa polisi, na kadiri upelelezi unavyoendelea ndivyo inavyobainika kwamba chanzo cha kifo chake kimo ndani ya jeshi la polisi lenyewe, katika ukatili ambao wakubwa walijua na wakanyamaza.

Wasomaji wangu wengine husema kwamba riwaya za namna hii zinachosha, kwa sababu ukurasa unapita bila risasi. Nakubali kwamba hazina mbio. Lakini uandishi wa watu wawili una nidhamu ambayo mmoja huikosa kwa urahisi: huwezi kumfanya shujaa wako ajue jambo bila mwenzako aliye ng'ambo ya meza kukuuliza amelijuaje. Na ndivyo walivyo wapelelezi wao. Si shujaa mmoja. Ni kundi la watu wanaopingana, wanaokosoana na wanaokosea. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na Waswidi hawa waliitafuta nguo yao wenyewe.

Sasa turudi nyumbani, mwaka mmoja baada ya kitabu chao cha mwisho.

Mwanza na Shinyanga, 1976

Katikati ya miaka ya 1970 mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikumbwa na mfululizo wa mauaji. Wengi waliouawa walikuwa wazee, hasa wanawake, waliotuhumiwa uchawi. Sababu zilikuwa nyingi na zilifungamana. Operesheni Vijiji ilikuwa imewakusanya pamoja watu waliozoea kuishi mbalimbali, kila kaya na mifugo yake na nafasi yake. Magonjwa na vifo vya watoto na vya ng'ombe vilihitaji maelezo. Sheria ya Uchawi, iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza tangu mwaka 1928, iliadhibu mambo ambayo mahakama haikuwa na njia ya kuyathibitisha. Na mwanamke mzee ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa samadi alionekana kubeba ushahidi usoni mwake.

Dola ilikuwa na wajibu wa kuingilia kati, na iliingilia. Mwaka 1976 vyombo vya ulinzi na usalama viliendesha operesheni ya kuwasaka wauaji. Watu wengi walikamatwa na kuwekwa kizuizini. Humo walipigwa na kuteswa ili waseme, na baadhi yao walikufa mikononi mwa wahojaji. Habari zilipomfikia Mwalimu Nyerere, matokeo yake yalikuwa ya nadra katika historia ya bara letu: mwanzoni mwa mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, pamoja na Waziri wa Nchi aliyehusika na usalama na wakuu wa mikoa hiyo miwili. Mwinyi hakuwa ametesa mtu. Alibeba dhamana ya wizara yake. Baadaye baadhi ya maafisa wa polisi na wa usalama walishtakiwa na kutiwa hatiani.

Sisi tunapenda kuusimulia mkasa huu kwa ajili ya mwisho wake, yaani kujiuzulu kwa waziri ambaye miaka minane baadaye alikuwa Rais. Ni mfano mwema, na watumishi wa umma wanaosoma hapa wanapaswa kuujua. Lakini naomba tuutazame mwanzo wake. Wale wahojaji hawakuwa wendawazimu. Walikuwa na fumbo la kweli, maiti za kweli na amri ya kutoka juu. Walichokosa ni njia ya kujua. Wakatumia njia ambayo wengi wetu tulikwisha kuiona katika riwaya na sinema na hatukushtuka: mkamate anayetiliwa shaka, mwumize, na atakachosema ndicho ukweli. Sidai kwamba riwaya iliwafundisha kutesa. Mateso ni ya kale kuliko uandishi. Nadai kwamba utamaduni wetu wa kusoma haukutuandaa kuyashangaa.

Ajabu ni kwamba sheria ilijua zaidi kuliko watekelezaji wake. Mwaka 1967, katika shauri la Tuwamoi lililotoka Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilionya kwamba ungamo ambalo mshtakiwa amelikana lipokewe kwa tahadhari kubwa, na kwamba kwa kawaida litafutiwe ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. Mwaka huohuo Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ilikataa maelezo ya kukiri kosa yaliyotolewa mbele ya askari polisi yasitumike dhidi ya mshtakiwa. Kisha mwaka 1980, miaka minne tu baada ya mkasa wa Mwanza na Shinyanga, sheria hiyo ilirekebishwa: maelezo ya namna hiyo yakakubalika iwapo yametolewa kwa hiari, na upande wa mashtaka ukapewa mzigo wa kuithibitisha hiari hiyo. Kila mwanafunzi wa sheria anapaswa kuiweka miaka hiyo miwili kando kwa kando, 1976 na 1980, na ajiulize tulijifunza nini.

Kutoka ramli hadi filimbi

Kabla ya polisi, Usukuma ulikuwa na mpelelezi wake: mfumu. Mtu aliyefiwa au aliyeibiwa alikwenda kwake, kuku akachinjwa na kupasuliwa, na matumbo yake yakasomwa. Wataalamu wa utamaduni huu wametueleza kwamba mfumu mwema hakukurupuka kutaja jina. Kazi yake kubwa ilikuwa kuponya na kupatanisha. Hata hivyo, ramli ina kasoro moja isiyoponyeka: aliyetajwa hana pa kuuliza "umejuaje?" Matumbo ya kuku hayahojiwi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 likazuka jambo jipya katika vijiji vya Kahama na Nzega, likaenea Usukuma na Unyamwezi kote: Sungusungu. Vita vya Kagera vya mwaka 1978–79 vilikuwa vimeacha silaha mikononi mwa watu, wizi wa ng'ombe ulikuwa wa kutisha, na wanakijiji hawakuwaamini tena polisi wala mahakama, ambako mwizi alitoka kwa rushwa kabla mwenye ng'ombe hajarudi nyumbani. Basi wakajipanga wenyewe, wakiwa na ntemi wao, katibu wao na makamanda wao, kwa pinde, mishale na filimbi. Mwano ulipopigwa, kila mwanamume aliyeweza alitoka. Nyayo za ng'ombe zilifuatwa kutoka kijiji hadi kijiji, na kijiji ambacho nyayo ziliishia kilipaswa kueleza. Adhabu kubwa ilikuwa kutengwa: usisalimiwe, usiuziwe, usizikiwe.

Hapa ndipo ninapowapa haki yao wale wanafunzi wangu wa kutoka Bukombe na Kahama wanaonipinga kila ninapoigusa Sungusungu. Wanasema: Mwalimu, ilifanya kazi. Ni kweli, ng'ombe walipatikana. Na tuangalie kwa nini walipatikana: kufuata nyayo ni upelelezi halisi. Ni ushahidi ambao watu wengi huuona kwa macho yao kwa wakati mmoja, na anayebisha huonyeshwa. Viongozi wa chama waliona kwamba hawawezi kuwapuuza watu hawa, na mwaka 1989 marekebisho ya sheria za mgambo yaliwapa walinzi hao wa jadi nafasi katika sheria za nchi.

Lakini Sungusungu ileile, ilipotoka katika nyayo za ng'ombe na kuingia katika tuhuma za uchawi, iligeuka kuwa kitu kingine. Mchawi hana nyayo. Palepale njia ya kujua ikabadilika, pakawa na minong'ono, vipigo na kufukuzwa kijijini. Watu walikuwa walewale, filimbi ileile. Kilichotoweka ni uwezekano wa kubisha.

Dhahabu na watu wasiojulikana

Mgodi wa dhahabu wa Geita uliochimbwa tangu enzi za ukoloni ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulizinduliwa mwaka 2000. Katikati ya miaka hiyo na baada yake, maelfu ya wachimbaji wadogo walijaza maeneo ya Geita, Kahama na Bukombe. Dhahabu huleta namna yake ya fumbo. Watu wawili huchimba mashimo yanayopakana, wa udongo uleule. Mmoja hupata, mwingine hukosa. Kwa nini? Jiolojia ina jibu lake, lakini aliyekopa fedha za kununua mafuta ya pampu ana haraka, na yuko mtu wa kumwuzia jibu jingine.

Tangu mwaka 2007 jibu hilo lilichukua sura ya kutisha kuliko zote: mauaji ya watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri wa madini na wa samaki. Na hapa natamani vijana wa fani ya habari wasome vizuri kazi ya mpelelezi wa kweli. Mwaka 2008 Vicky Ntetema, mwandishi wa BBC, alijifanya mfanyabiashara anayetafuta utajiri, akawaendea waganga, akawasikiliza wakimtajia bei, kisha akatangaza alichokisikia. Ilimbidi ajifiche kwa kuhofia maisha yake. Hakuwa na bastola ya Gamba. Alichokuwa nacho ni kile ambacho Bwana Msa angekitambua mara moja: alikwenda, akauliza, akaandika, akaeleza amejuaje.

Serikali ilijaribu njia kadhaa. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa vibali vya waganga wa jadi. Machi mwaka huohuo wananchi waliitwa kupiga kura za siri: kila mtu aandike jina la anayemshuku kuwa muuaji au mnunuzi wa viungo. Naielewa hofu iliyozaa hatua hiyo. Katika kijiji ambacho muuaji ni jirani, siri ni ngao ya shahidi. Lakini fikirini, ndugu wasomaji: karatasi isiyo na jina la mwandishi, inayotaja jina la mtuhumiwa, isiyosema mwandishi amejuaje. Mzee anayechukiwa kwa sababu ya shamba ana kura ngapi? Tuna methali isemayo lisemwalo lipo. Methali hiyo inafaa barazani; katika jalada la upelelezi ni hatari kubwa. Ikichukuliwa kama fununu ya kuanzia kazi, kura hiyo ina faida. Ikichukuliwa kama jibu, haina tofauti na matumbo ya kuku. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, ilitoa hukumu ya kwanza katika mashauri haya na kuwatia hatiani watu watatu. Huko angalau palikuwa na mashahidi wa kuhojiwa, na wakili wa kuuliza swali letu.

Liko pia fumbo la Bulyanhulu. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa katika eneo hilo la Kahama ili kupisha mwekezaji, na mashimo yakafukiwa. Wachimbaji na wanaharakati walidai kwamba zaidi ya watu hamsini walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni zilikanusha, na mwaka 2002 ofisi ya Benki ya Dunia inayopokea malalamiko iliona kwamba madai hayo hayana msingi. Wanasheria walioyashikilia walikuwa wameonja mashtaka ya uchochezi. Sitatoa hukumu hapa, kwa kuwa sina njia ya kujua ambayo wengine hawana. Nasema hivi tu: tume huru ya kimahakama, yenye mamlaka ya kufukua na kuapisha mashahidi, iliyoombwa na wanaharakati hao, haikuundwa. Na pale ambapo dola haikubali kuulizwa "umejuaje?", hata inaposema kweli haiaminiwi. Hiyo ni hasara kwa wote, kwa waliopoteza ndugu na kwa waliosingiziwa kuua.

Siku hizi tuna msemo mpya katika taarifa za uhalifu: "watu wasiojulikana". Katika riwaya yoyote ya upelelezi, maneno hayo huwa katika ukurasa wa kwanza. Katika taarifa zetu nyingi yamekuwa ukurasa wa mwisho.

Tusome nini, na tuandike nini

Najua pingamizi zitakazoletwa. Moja ni kwamba nampa riwaya mzigo usio wake; kitabu cha shilingi chache hakiwezi kuzuia kofi la mhojaji. Ni kweli, hakiwezi. Katiba yetu inakataza mateso katika ibara ya 13, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 imeweka saa nne kuwa muda wa kawaida wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi. Hizo ndizo kinga halisi. Lakini kinga ya sheria hufanya kazi pale tu mtu anaposhtuka ikivunjwa, na kushtuka hufundishwa. Hufundishwa nyumbani, shuleni, na katika vitabu ambavyo kijana huvisoma bila kulazimishwa. Kwa sababu hiyo riwaya pendwa ina uzito kuliko tulivyokubali. Inasomwa na yule ambaye kesho atavaa sare.

Pingamizi la pili ni kwamba msomaji wa Kitanzania anataka mbio. Siamini. Abdulla alipendwa kabla ya Musiba, na hajaacha kusomwa. Msomaji anataka kujua, na hapendi kudanganywa. Wale wanaolalamika kwamba riwaya fulani "imeishia hewani" au kwamba mpelelezi "amebahatisha tu" wanafanya uhakiki wa kisiasa bila kujua. Wanadai ushahidi.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa wanafunzi: mnaposoma Gamba na Kiango, furahini, kisha rudini nyuma na kuhesabu ni mara ngapi shujaa alijua jambo kwa kumwumiza mtu, na ni mara ngapi kwa kutazama. Kwa watumishi wa umma, hasa mlio katika ofisi za upelelezi, za mashtaka na za wakuu wa wilaya: someni historia ya mwaka 1976 kama somo la kazi, wala si kama sifa ya kiongozi mmoja. Kwa wanaharakati: swali mnalowauliza polisi muwe tayari kuulizwa nanyi, kwa kuwa orodha ya majina isiyo na ushahidi ni kura ya siri yenye nembo ya shirika.

Na kwa waandishi nina ombi la ziada. Mifululizo yetu maarufu ilipita Dar es Salaam, Nairobi na Kinshasa. Ukanda wa dhahabu una kila kinachohitajika: mgodi, mnada, zahanati, mahakama ya mwanzo, mfumu, kamanda wa Sungusungu, askari wa upelelezi anayekaa miezi bila mafuta ya gari. Napendekeza uandikwe na watu wawili, kama walivyofanya wale wa Stockholm. Mmoja awe mtu aliyewahi kushika majalada ya kesi. Mwingine awe mtu aliyelelewa kwa Kisukuma na anayejua kwa nini jirani humwogopa jirani. Wakae meza moja. Na kila mmoja atakapoandika kwamba mpelelezi amemtambua muuaji, mwenzake aigeuze karatasi, aiandike pembeni kwa kalamu nyekundu: umejuaje? Kisha wasiendelee hadi jibu lipatikane.